Mbwa akigoma kutembea kwenye theluji

Dada, pole kwa baridi yako ya kwanza Minneapolis. Umeuliza kwa nini mbwa wako wa manyoya mafupi anainua mguu mmoja mmoja na kugoma mkifika kona. Hajawa mkaidi, anaumia. Mara nyingi ni ile chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu. Inaingia kati ya vidole na kuwasha, hasa penye mpasuko. Wa kwangu alifanya hivyo hivyo. Nilipomkagua kwenye taa nikakuta vibonge vya barafu vimeganda kwenye manyoya ya vidole, vigumu kama kokoto.

Kabla ya kutoka mpake mafuta ya mgando kwenye nyayo, au mvalishe viatu kama anavikubali. Mkirudi, mwoshe miguu na tumbo kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe hadi katikati ya vidole kabla hajaanza kujilamba.

Ninachokiogopa zaidi ni maji ya rejeta yasiyoganda yanayovuja chini ya magari. Yana utamu, na kiasi kidogo tu huharibu figo. Akiyalamba, mkimbize kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, usingoje dalili.

Koti kwake ni lazima. Ikifika nyuzi -20 za Selsiasi, atoke kujisaidia tu. Akitetemeka, au ncha za masikio zikipauka na kuwa baridi, mwingize ndani, mfunike blanketi, wala usimsugue. Na pale ziwani, msikatize juu ya barafu.