Maktaba kongwe na bustani yake: maswali yenu

*Maungio ya mawe kwenye kuta za maktaba yanamomonyoka. Fundi anataka kuyaziba kwa saruji. Tumruhusu?*

Hapana. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua kupitia maungio yake. Ukiyaziba kwa saruji, unyevu hutafuta njia nyingine, nayo ni jiwe lenyewe. Baada ya miaka kadhaa jiwe ndilo linalomeguka. Tumieni chokaa. Ila kabla ya kumlipa fundi yeyote, kagueni mifereji ya paa. Mara nyingi ugonjwa wa ukuta huanzia juu.

*Mti mkubwa ulio karibu na jengo ukatwe?*

Pogoeni matawi yanayodondosha majani juu ya paa, kisha tazameni kama kuna bomba linalovuja chini. Mizizi hufuata maji. Shoka lisubiri.

*Bustani imevamiwa na wauza dawa za kulevya. Tuizungushie ua mrefu zaidi?*

New York walikuwa na tatizo hilihili. Bryant Park, iliyo nyuma ya maktaba kuu ya jiji iliyofunguliwa mwaka 1911, ilikuwa imetekwa na wauzaji hao kufikia miaka ya 1970. William H. Whyte, aliyezoea kuketi na kuangalia tu watu wanavyotumia maeneo ya wazi, aliona kwamba ua ndio uliowapa maficho. Bustani ikafungwa mwaka 1988. Vichaka viling'olewa, njia za kuingilia zikaongezwa, na vikaletwa viti visivyofungiwa chini, kila mtu ajisogezee kivulini apendavyo. (Mimi ningedhani vitaibwa vyote wiki ya kwanza.) Ilipofunguliwa tena mwaka 1992, watu wakarudi. Chini ya nyasi palikuwa pamejengwa ghala la vitabu: maktaba ilipata nafasi bila kumega bustani.

*Rafu za chuma za zamani zinakula nafasi. Tuzing'oe tuweke kompyuta?*

Muulizeni kwanza mhandisi zinabeba nini. Katika maktaba hiyohiyo ya New York, ghorofa saba za rafu za chuma ndizo zilizobeba sakafu ya ukumbi mkuu wa kusomea. Mpango wa kuziondoa ulipingwa vikali, ukaachwa mwaka 2014. Kompyuta zinatoshea mezani.