Barua kwa mwanangu: umeniuliza kwa nini unywe dawa ilhali huumwi

Igogo, Mwanza

Mama,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yako barazani. Unasema walipokuja kuwapima presha kazini kwenu Dodoma, mashine ilionyesha 156/98. Ukaenda zahanati baada ya wiki, wakakuta 150/96, ukaandikiwa dawa. Halafu ukaniuliza: "Baba, kichwa hakiniumi, nalala vizuri, ngazi napanda bila kuhema. Nina miaka 34. Kwa nini nianze dawa ya maisha kwa ugonjwa ambao hata siuoni?"

Nilianza kukujibu kwenye simu nikafuta. Ndiyo maana umepata barua ndefu. Isome ukiwa umetulia, maana kuna jambo humu ndani ambalo sikuwahi kukuambia.

Unaijua kazi iliyowasomesha. Miaka 31 nimeshinda na mabomba ya maji ya mji huu, na presha ya kwanza niliyoijua ni ile ya geji, kile kipimo cha presha ya maji kwenye bomba. Maji ya Capri Point yanavutwa ziwani, yanasukumwa mpaka kwenye matangi ya vilimani, kisha yanashuka majumbani. Usiku watu wakilala na kufunga koki, presha ndani ya bomba inapanda. Ndiyo maana simu za bomba kupasuka zilikuwa zinanikuta saa tisa au saa kumi alfajiri. Tukichimba tunakuta bomba lilianza kuchoka miaka mingi nyuma. Siku zote hizo maji yalikuwa yanatoka bombani vizuri, na mwenye nyumba hakuwa na la kulalamikia.

Sasa tazama namba zako. Ile ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa moyo unapojikamua. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kabla ya pigo linalofuata. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa sababu mashine za zamani zilikuwa na mrija wa kioo wenye zebaki inayopanda. Sisi watu wa pampu tunahesabu kwa mita za maji, kwa hiyo nilikaa na kalamu nikakupigia hesabu. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Presha ya 120 ni sawa na kuinua maji mita 1.63. Ya kwako ya 156 ni mita 2.12. Moyo wako unainua karibu nusu mita ya ziada kwa kila pigo, na moyo wa mtu unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Hausemi kitu. Unainua tu, leo na kesho.

Mfano wa bomba una mwisho wake. Chuma hakijibu kitu, lakini mshipa wa damu ni kitu kilicho hai. Ukisukumwa kwa nguvu kila siku, ukuta wake unanenepa na kukakamaa ili uhimili, na ukinenepa, njia ya ndani inakuwa nyembamba. Njia ikiwa nyembamba, damu inahitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Moyo nao ni msuli, unajaa kama mkono wa mbeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, ila moyo uliojaa hivyo unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, na mwisho unachoka na kutanuka. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayouma. Mimi nilikuwa naamini presha lazima iume kisogo. Wapo inaowauma ikipanda sana, lakini wengi hawasikii chochote. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima wenye presha duniani wamepita bilioni moja, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanayo. Hao wote wanalala vizuri kama wewe.

Unamkumbuka baba yako mkubwa. Mwaka 2008 ulikuwa kidato cha tatu, na ni wewe uliyekuwa unamlisha uji kwa kijiko ukitoka shule. Pengine hukuambiwa yaliyotangulia. Mwaka mmoja kabla, alipimwa akakutwa na zaidi ya 190. Akapewa vidonge, akanywa mwezi mmoja, akaniambia amepona, nami nikafurahi naye. Mgongo ulikuwa unamsumbua kwa kubeba magunia ya kayabo, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa hiyo kila wiki alikuwa ananunua diklofenaki dukani. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa za maumivu za jamii hiyo zinapandisha presha na kuumiza figo. Wala sisi hatukujua.

Asubuhi ile kikombe kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamkwama. Wazee wakasema amerushiwa kitu. Mimi, mtu wa geji, niliyeona mabomba mangapi yakipasuka, nikakubali. Tukavuka naye kwa kivuko cha Kamanga kwenda kwa mganga, tukakaa huko siku mbili. Tulipomfikisha hospitali daktari alitueleza kwamba mshipa umepasuka ndani ya kichwa, na kwamba kwa kiharusi kila saa ina thamani yake. Aliishi miaka minne mkono wa kulia ukiwa umekufa. Mtu aliyekuwa anahesabu samaki kwa kasi kuliko wanunuzi wote pale Mwaloni, akawa hawezi kutaja jina la mtoto wake. Sijui kama tungemuwahi angepona. Najua zile siku mbili nilizipoteza mimi, na bado zinaniamsha usiku.

Sasa hilo ambalo sijakuambia. Mimi mwenyewe niligundulika 2011, nilikuwa na 170/105. Ungetegemea baada ya kaka yangu nishike dawa kwa mikono miwili. Nilizinywa mwaka mmoja na nusu. Namba zikashuka, mwili mwepesi, nikajiambia sina ugonjwa tena. Nikaacha bila kumwambia hata mama yako, ninyi mkadhani bado nakunywa. Niliporudi kliniki baada ya miaka miwili walikuta 178/104, na kwenye mkojo kulikuwa na protini. Protini kwenye mkojo maana yake chujio la figo limeanza kuvuja. Figo zina vijishipa vyembamba mno, na zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, kwa hiyo presha ikizidi huwa zinaumia mapema. Na zenyewe hazilii. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi ya figo zake akiendelea kucheza bao.

Figo zangu hazijarudi zilipokuwa. Hazijaendelea kuharibika sana, kwa sababu tangu siku ile sijakosa dawa, na kila baada ya miezi kadhaa napimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa chuo na sikutaka uwe na hofu. Ningekuambia wakati ule, leo usingeniuliza swali hili.

Kuhusu "dawa ya maisha", nakuelewa. Watu wanasema ukianza huwezi kuacha, kana kwamba kidonge ndicho kinachokufunga. Dawa haileti uteja. Mimi nilipoacha, presha ilirudi ilipokuwa kwa sababu haikuwa imeondoka, ilikuwa imeshikiliwa. Wapo wanaopunguziwa dozi, hata kuachishwa, baada ya kupunguza uzito na chumvi. Hilo huamuliwa na daktari akiwa na namba mkononi. Na faida yake si ndogo: ukishusha ile namba ya juu kwa 10 tu, hatari ya kiharusi inapungua kwa zaidi ya robo.

Siku moja kliniki, muuguzi alitusimulia habari za Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa vita kuu ya pili. Machi 1944 alipimwa akakutwa na 186/108. Mtu mwenye madaktari wa taifa zima, na walichoweza kumpa kwa ajili ya presha ni ushauri wa kupumzika, kupunguza chumvi na sigara, pamoja na dawa ya moyo ya wakati huo. Tarehe 12 Aprili 1945 alisema kichwa kinamuuma sana, akaanguka. Presha ilikuwa 300/190, na damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Vidonge vya kushusha presha ambavyo mtu anaweza kuvinywa kila siku bila taabu kubwa vilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku hiyo nilitoka na bahasha yangu ya amlodipini, dawa yangu ya presha, nikiitazama kwa jicho lingine. Ile ambayo wewe umeiweka kabatini bila kuifungua, yeye hakuipata.

Lakini usiifungue kabla ya kurudi kwa daktari na neno moja. Mama yako ndiye amenikumbusha, na amesema nisione haya kuliandika. Ulipokuwa na mimba ya mjukuu wetu ulivimba miguu na uso, presha ikapanda, wakakuanzishia uchungu mapema kwa kuogopa kifafa cha mimba. Sote tulidhani yaliisha mtoto alipozaliwa. Mwanamke aliyepitia hayo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata presha baadaye, kwa hiyo huenda hii haikuanza mwaka huu. Mwambie daktari. Mwambie pia kama mnafikiria mtoto wa pili, maana dawa za presha kama losatani, enalaprili na kaptoprili zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine zinazotumika kwa wajawazito, kama methilidopa. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango taja, baadhi vinapandisha presha. Na kwa umri wako muulize kama kuna chanzo cha kutafutwa, kwenye figo au kwenye homoni, ingawa kwa watu wengi hakuna chanzo kimoja kinachoonekana. Omba upimwe mkojo, kreatinini na sukari, na moyo upigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Dawa ikikuletea shida, kikohozi kisichoisha au miguu kuvimba, rudi ubadilishiwe. Usiache kimya kimya kama mimi.

Umesema pia labda ni mawazo ya kazi. Mawazo yanaweza kuipandisha kwa muda, ndiyo maana hawakuamua kwa kipimo kimoja. Lakini umepimwa siku mbili tofauti, na zote umevuka 140/90. Pima na nyumbani, ila pima vizuri. Watu wengi wanapimwa wametoka kutembea juani wanahema, mkono unaning'inia, huku wanaongea. Nenda haja ndogo kwanza. Kwa nusu saa kabla usinywe kahawa. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote miwili chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na unyamaze. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uandike zote kwenye daftari. Usichague zile nzuri tu za kumpelekea daktari.

Chakula unakijua, sitakuchosha. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu ya mkate, viungo vya paketi na chipsi za jioni. Kayabo nimekoma kukutumia, nisamehe, najua unaipenda. Dagaa wa kuanikwa bila chumvi nitakutumia pamoja na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Matembele, maharage na ndizi kula kwa wingi. Tembea. Juisi ya choya na vitunguu saumu havina ubaya, ila visichukue nafasi ya dawa.

Na ukikuta siku yoyote 180/120 au zaidi, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki pale pale, muone daktari siku hiyo hiyo. Lakini kukiwa na kifua kubana, pumzi kukata, kuona giza, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kukwama, usipime tena wala usinipigie mimi kwanza. Hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mwonyeshe mume wako sehemu hii ya barua.

Mashine nimeinunua jana, ya kufunga mkono wa juu, si ile ya kifundo. Nimempa kijana wa basi la kesho alfajiri, iko ndani ya mfuko wa michembe, imefungwa kwa kanga ya mama yako. Mimi napima kila siku saa moja jioni baada ya taarifa fupi ya habari. Kuanzia Jumapili nitakutumia namba zangu zote, hata zikiwa mbaya. Nitumie na zako.

Baba yako