Ukiigeuza Santuri Kuwa Faili, Usiliache Jina Nyuma

Msomaji mmoja wa Jinja ameandika kwamba amerithi sanduku la santuri za mizunguko 45 kwa dakika, za Kiganda na za Kiswahili. Je, akizigeuza mafaili na kuyagawa bure, atawaumiza wenye lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kutoa rekodi?

Inategemea ni santuri gani. Lebo ndogo mara nyingi hupiga nakala 300 au 500 tu, na gharama ya kuchonga bamba la kupigia ni ileile hata nakala zikiwa 1,000. Wanunuzi 50 wakitosheka na faili la bure, sehemu moja ya sita ya nakala 300 inabaki kwenye maboksi, na fedha za santuri inayofuata hazipatikani. Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala, ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, huuza muziki wake Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Kazi kama hiyo usiigawe, inunue. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye faili na 10 kwenye santuri, mbali na ada ya malipo.

Santuri isiyouzwa tena ni habari nyingine. Hapo faili linaokoa wimbo, ila lisipokuwa na jina linaufukia upya. Kwenye vibanda vya kujazia memori kadi utakuta nyimbo nzuri kabisa zimeandikwa “Track 01”. Mkusanyaji wa santuri hajui atafute ipi, na lebo inayotaka kuutoa wimbo upya haijui iombe ruhusa kwa familia ya nani. Ruhusa hiyo ni lazima: Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi pia, si mtunzi peke yake.

Kabla ya kurekodi, ioshe santuri kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya lebo ya katikati. Zile nzito za mizunguko 78 usizipake spiriti, huziyeyusha. Nazo zina sindano yake, nene zaidi. Kwa 45, uzito wa sindano uwe kama gramu 2. Pitisha sauti kwenye kikuzaji cha santuri (phono). Ukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, besi itapotea, kwa sababu hupunguzwa makusudi wakati wa kuchonga. Unaporekodi, kilele cha sauti kisizidi desibeli -6. Programu za kufuta mikwaruzo zitumie kidogo sana. Zikizidi hufuta na kayamba.

Hifadhi WAV kwanza, faili lisilobanwa. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa CD ni megabaiti 40 hivi. MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 128 ni 4, nayo inatosha simu tu. Kisha piga picha lebo za pande zote mbili, unakili na namba iliyochongwa pembeni mwa lebo, pale pasipo na muziki. Picha na wimbo vikae folda moja. Santuri yenyewe irudi kusimama wima, mbali na jua la dirishani, maana ikilazwa chini ya nyingine kwenye joto hupinda.