Meno ya kifuko cha kigoga: kwa nini 16, na yanatengenezwa na nini

Mkuu, umeuliza kwa nini meno yanayozunguka mdomo wa kifuko cha spora (chembe ndogo za uzazi) cha kigoga (ile mimea midogo inayotanda kwenye mawe na kuta zenye unyevu) huwa 16, na kama kila jino ni seli iliyokauka. Nimevikata vifuko hivi maabara kwa miaka mingi, na naanza na swali la pili maana ndilo linalowapoteza wengi. Kwa vigoga vingi jino si seli. Ni mabaki ya kuta za seli.

Chukua Funaria hygrometrica, kile kinachopenda kuota palipochomwa moto. Usingoje kifuko kiwe cha kahawia, utakuwa umechelewa. Kikate kwa wembe kingali kichanga na kibichi, karibu na kifuniko, kata ya mviringo. Utakuta seli zimejipanga duara ndani ya duara. La ndani lilijitenga mapema, tabaka la nje la kifuko likiwa bado na seli 8 tu. Zilizobaki nje zikagawanyika kuwa 16, zikatoa duara la kati. Zikagawanyika tena zikawa 32, zikatoa duara la tatu. Lile la kati hubaki na seli zake 16, na hiyo ndiyo 16 unayoiona mdomoni.

Kisha kuta zinazotenganisha duara na duara hunenepa, huku zile za ubavuni zikibaki nyembamba. Seli zikifa, kuta nyembamba huyeyuka na nene husimama. Mpaka wa duara la tatu na la kati hutoa meno ya nje; mpaka wa kati na la ndani hutoa safu ya ndani.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Weka jino la nje la Funaria chini ya hadubini: uso wake wa nje una mstari wa zigizaga katikati, uso wa ndani hauna. Mstari huo ni mpaka wa seli mbili, kwa kuwa seli 32 zimegawana meno 16. Sasa weka la Dicranum, kigoga kingine chenye safu ya ndani peke yake. Mstari wa nje haupo, na nyuma utaona alama za seli moja na nusu, kwa sababu duara lake la ndani, likishagawanyika, huwa na seli 24. Mimi hadi leo jambo hili linanifurahisha: jino lililokufa limetunza hesabu nzima ya mgawanyiko wa seli.

Lakini 16 si sheria kwa vigoga vyote. Tetraphis ina meno 4, na Polytrichum, unayoweza kuikuta juu milimani, kwa kawaida ina 64. Kwa hao wawili dhana yako ni sahihi, meno ni seli nzima zilizokufa. Sphagnum haina meno kabisa, wala Physcomitrium patens, japo ni ndugu wa karibu wa Funaria.

Ukishapata kifuko cha Funaria kilichokomaa, toa kifuniko, kiache kikauke, kisha kipulizie pumzi huku unaangalia. Bamba mbili za kila jino, la nje na la ndani, hazinyonyi unyevu sawasawa, ndiyo maana jino hujipinda na kuziba mwanya. Hewa ikikauka, meno yanaachana tena na spora zinatoka kidogo kidogo.