Sukari ya mimba: usijinyime chakula

Binti yangu wa Jinja,

Unasema mimba ina wiki 28, kliniki wamekukuta na sukari, na tangu siku hiyo huli mchana kwa hofu. Asubuhi unakunywa uji wa mahindi wenye sukari kwa kuwa mama mkwe anasema mtoto anataka nguvu. Kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula ni 5.6 (kwa kizio cha mmol/L), nawe unauliza umekosea wapi.

Hujakosea. Homoni za kondo la nyuma zinaizuia insulini yako, ile inayoondoa sukari kwenye damu, isifanye kazi sawasawa, na asubuhi ndipo kizuizi hicho kinapokuwa kikali. Kwa hiyo uji ule ungekupandishia sukari hata mchana, lakini asubuhi unakupandishia zaidi. Badala yake kula mayai mawili ya kuchemsha, nusu parachichi na kiazi kitamu kisichozidi ngumi yako, pamoja na chai isiyo na sukari.

Mchana rudi mezani, tafadhali. Ukishinda na njaa, usiku utamaliza sinia la matoke, na mwili wenye njaa huunguza mafuta ukatoa ketoni, ambazo hazimfai mtoto. Kula milo mitatu, na katikati kitu kidogo kama kiganja cha karanga. Nusu ya sahani iwe mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati, robo maharage, mukene (dagaa) au samaki, robo iliyobaki wanga. Hapo kwenye wanga ndipo wengi tunapopotea: matoke, posho (ugali), wali na muhogo huwekwa sahani moja, kila kimoja kidogo, mtu akadhani hajala kitu. Chagua kimoja tu. Juisi ya pasheni, hata uliyoikamua mwenyewe, iache. Kula tunda lenyewe.

Baada ya kila mlo tembea dakika 10 hadi 15, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Kabla ya kupima, nawa kwa sabuni ukauke vizuri. Maji ya embe kidoleni yanatosha kukupa namba ya uongo. Choma pembeni mwa ncha ya kidole. Kabla ya kula iwe chini ya 5.3; saa moja tangu uanze kula, chini ya 7.8, saa mbili, chini ya 6.7. Ziandike zote daftarini, hata zile zinazokukera.

Namba ya asubuhi ni sugu, chakula peke yake huenda kisiishushe. Wiki moja au mbili zikipita bado iko juu, rudi kliniki na daftari. Huenda wakakupa vidonge vya metformini vya kushusha sukari, au sindano za insulini. Ukipewa, tumia bila aibu. Nenda na mama mkwe, asikie kwa mhudumu mwenyewe.

Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo. Akizaliwa, mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, maana sukari yake inaweza kushuka. Nawe upimwe tena wiki ya 6 hadi ya 12 baada ya kujifungua, hata kama unajisikia mzima.