Maswali yenu ya kamera ndogo: mpingo uliopauka, jua la utosini na mchanga wa Msimbati

Korosho zikishalipwa, watu hununua vitu walivyovitamani mwaka mzima, na safari hii wengi wenu mmenunua kamera ndogo za dijitali, nyingi za mtumba. Nimechukua maswali yanayojirudia nikayaweka hapa. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake, kamera hizi zinatosha kabisa, mradi ujue zinaamua nini bila kukuuliza, na ujue namna ya kuzikatalia.

Mikindani: Habari kaka. Nimenunua kamera ndogo ya mtumba, megapikseli 12. Rafiki yangu ananicheka, anasema simu yake ina 50. Nimepigwa?

Hujapigwa. Picha ya kawaida ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, ikisafishwa kwa ubora mzuri inahitaji megapikseli 2 na ushee tu. Ukitaka ya ukubwa wa karatasi ya A4, unahitaji 9 hivi. Kwa hiyo 12 zinatosha na kubaki. Megapikseli ni idadi ya vitone. Usafi wa picha unatokana zaidi na lenzi, pamoja na ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kamera nyingi za aina yako zina kihisi cha upana wa milimita 6 hivi, na simu nyingi nzuri za sasa zina kikubwa zaidi. Usiku, au sebuleni penye taa moja, simu ya rafiki yako itakushinda, na hilo tulikubali.

Wewe unamshinda kwenye kuvuta. Lenzi yako inatoka nje na kurudi ndani kwa sababu vioo vyake vinasogea kweli. Simu nyingi, ukishavuta sana, hukata kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Jaribuni wote wawili jioni ngalawa zikiingia ghubani hapo Mikindani: mvute aliyeshika usukani mpaka ajae kwenye fremu, halafu mlinganishe uso wake kwenye picha hizo mbili. Ila kwanza ingia kwenye menyu uzime zumu ya dijitali, maana kamera nazo zikifika mwisho wa lenzi huanza kukata na kukuza vilevile.

Na kwa yeyote ambaye bado hajalipa: mwambie muuzaji aiwashe na kuizima mara kadhaa usikilize lenzi inavyotoka, kisha piga ukuta mweupe au anga. Ukiona doa linalokaa mahali palepale kwenye kila picha, kuna uchafu ndani. Shusha bei au achana nayo.

Newala: Shikamoo. Mjomba anachonga vinyago vya mpingo, mimi ndiye ninayempigia picha za kuwatumia wateja. Kila nikipiga, mpingo unatoka wa kijivu, umepauka, na nyuma pameungua. Nikiwasha flashi ndiyo inaharibika kabisa. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Hapa nitakaa kidogo, maana ukilielewa hili umeielewa kamera yako yote.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mpingo. Kazi yake ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na imetengenezwa ikiamini kwamba chochote kilicho mbele yake, ukikichukua kwa jumla, kina wastani wa kijivu. Ikikutana na kitu cheusi kilichojaza fremu, inadhani pana giza, inaongeza mwanga mpaka weusi unakuwa kijivu. Ikikutana na weupe, kanzu ya Ijumaa au mashamba ya chumvi ya huko pwani, inadhani mwanga umezidi, inapunguza mpaka kanzu inaonekana haijafuliwa. Haijaharibika. Inafuata ilivyofundishwa, na wewe ndiye unayejua ukweli wa rangi.

Tafuta kitufe au menyu yenye alama ya +/−, ndiyo ya kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga. Kwanza toa kamera kwenye Auto, inapoamua kila kitu yenyewe, uiweke kwenye P, inapokuachia ubadilishe baadhi ya mambo, kwa sababu kamera nyingi hulifunga jambo hili ukiwa kwenye Auto. Kwa mpingo, shuka hadi −2/3 upige, utazame. Bado umepauka? Shuka hadi −1. Usishuke mpaka mchongo upotee. Kama ni kinyago cha ujamaa, wale watu waliobebana tangu chini hadi juu, mtazame wa chini kabisa: weusi uwe mweusi kweli, lakini vidole vyake bado uweze kuvihesabu. Ukifika hapo, acha. Ukipiga kanzu au chumvi, unakwenda upande wa pili, +2/3 au +1.

Sasa mwanga wenyewe. Mpingo uliosuguliwa vizuri unang'aa, kwa hiyo flashi ikiupiga usoni inarudi moja kwa moja kama doa jeupe kwenye paji la uso wa kinyago. Izime. Kipeleke kinyago barazani, kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja, mwanga ukigonge kwa ubavu. Upande ulio gizani simamisha karatasi ya manila nyeupe ili irudishe mwanga kidogo. Kisha kizungushe kinyago polepole kwa mkono huku unatazama kwenye skrini. Utaona ukanda mwembamba wa mwanga ukitembea juu ya mashavu na mikunjo ya patasi. Ukishatulia mahali unapoonyesha umbo, piga.

Nyuma usiweke shuka jeupe. Tofauti ya mpingo na shuka jeupe ni kubwa mno kwa kihisi kidogo, lazima kimoja kipotee. Ukuta wa saruji usiopakwa rangi unafaa sana, au mkeka wa ukindu uliozeeka. Weka kamera juu ya kitu kilichotulia, tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Kwa picha ya kinyago kizima, rudi nyuma hatua mbili uvute lenzi kidogo. Ukikisogelea sana bila kuvuta, kichwa kitaonekana kikubwa kuliko miguu. Ile alama ya ua iweke kwa ajili ya picha za karibu, za jicho au vidole. Na piga moja mjomba akiwa amekishika mkononi, mteja aliye mbali aone ukubwa wake.

Mtwara mjini: Tulikwenda Msimbati na familia Jumapili, tukapiga picha mchana kweupe. Sura zote nyeusi, macho kama hayapo. Mwanga ulikuwa tele, sasa shida nini?

Shida ni mahali mwanga ulipotoka. Sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na tena baada ya katikati ya Oktoba, jua hupita juu ya utosi kabisa, na miezi mingi inayobaki halikai mbali na hapo. Jua la utosini linaangaza nywele na pua, macho linayaacha kwenye kivuli cha paji la uso. Ongeza mchanga mweupe na bahari inayometa nyuma ya watu: kamera ikaona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, kama nilivyomweleza ndugu yetu wa Newala. Nyuso za watu weusi ndizo zilizolipa.

Pwani yetu inatazama mashariki, na hilo ni faida kubwa kwako. Jioni jua linashuka upande wa bara. Mtu akisimama bahari ikiwa mgongoni kwake, mwanga mlaini unamjia usoni, na maji nyuma yanabaki na rangi yake. Anza saa kumi na nusu, kabla vivuli vya miti havijafika ufukoni. Usingoje sana, maana huku kwetu jua likishazama giza halichelewi.

Mkilazimika kupiga saa saba mchana, wapeleke watu chini ya mti wenye kivuli kizito, wasimame ukingoni mwa kivuli wakitazama mahali peupe. Hakuna mti? Washa flashi kwa nguvu: chagua alama ya radi peke yake, siyo ile yenye herufi A, kwa sababu ya A itaona jua na kukataa kuwaka. Simama mita moja na nusu au mbili kutoka kwao. Ongeza +2/3. Watu wengi hawaamini kuwasha flashi juani, lakini ndiyo inayofungua macho.

Lindi: Nimetoka nayo ufukweni, sasa nikiwasha lenzi inasagika, inatoka nusu na kurudi.

Ni mchanga kwenye mikunjo ya lenzi. Acha kuiwasha, kila ukijaribu unazidi kuusaga ndani. Ondoa betri, iinamishe lenzi itazame chini, pangusa pembeni mwa mirija kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usitie mafuta ya aina yoyote, wala mafuta ya cherehani ambayo jirani atakushauri. Ikiendelea kusagika, mpelekee fundi anayefungua kamera, si kila fundi simu.

Kwa wengine ambao zenu bado ni nzima: ufukweni ikae kwenye mfuko wa nailoni unaofungika, itoke wakati wa kupiga tu, na usiiweke mfuko mmoja na taulo. Ukirudi nyumbani ipanguse kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo sana kwa maji baridi ya bombani, kisha kikavu. Upepo wa bahari una chumvi hata kama hukugusa maji.

Masasi: Nimenunua memori kadi ya GB 64, kamera inaikataa. Kwenye simu inafanya kazi.

Kamera yako ni ya zamani. Kadi zinazozidi GB 32 ni za aina ya SDXC, iliyotangazwa mwaka 2009. Kamera zilizotengenezwa kabla ya hapo haziijui. Tafuta yenye alama ya SDHC, kati ya GB 4 na 32. Kama kamera ni ya kabla ya 2006, hata hiyo inaweza kuikataa, utahitaji ya GB 2 kushuka chini. Kadi mpya ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Lindi: Mimi ni mwalimu. Nawapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani na kamera moja ndogo. Magofu nayapigaje?

Mwalimu, vukeni mapema. Shughulikieni kibali pale Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti, ili asubuhi isipotelee hapo. Kuta za mawe ya matumbawe zinaonyesha umbile lake jua likiwa chini, linapozikwaruza kwa ubavu. Mchana zinakuwa bapa. Ndani ya Msikiti Mkuu, ukiuelekeza mwanga wa nje kwenye fremu, nguzo zitakuwa nyeusi. Lenga nguzo, bonyeza kitufe nusu ushikilie, rudisha fremu ulipotaka, ndipo umalizie kubonyeza. Msimamishe mwanafunzi mmoja chini ya tao, ukubwa uonekane. Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, basi hakikisha betri ya pili iko mfukoni, maana lile bwawa la pembe nane ndilo hasa wanafunzi watakalotaka kupigwa nalo. Ukiwaambia kwamba Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika kisiwani hapo mwaka 1331, watapiga picha kwa akili nyingine.

Nachingwea: Ngoma za usiku zinanishinda. Sindimba ikikolea, picha zinatikisika au zinatoka nyeusi.

Flashi ya kamera ndogo inafika mita 3 au 4, basi. Ukiwa nyuma ya watu, unaangaza visogo vya waliokutangulia. Sogea mbele, tena usivute: lenzi nyingi za aina hii zikivutwa hushuka kutoka f/3 hivi hadi f/6 hivi (namba ya f ikikua, tundu la lenzi limebana), maana yake umebakiwa na robo ya mwanga. Weka ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 400 au 800. Ukipanda zaidi chengachenga zinakuwa nyingi. Kamera hizi pia huchelewa kushika fokasi, kwa hiyo lenga mchezaji mapema, bonyeza nusu, ngoja mguu upande ndipo umalizie. Ukitaka taa na watazamaji wa nyuma waonekane, jaribu alama ya mtu na nyota: flashi itamgandisha mchezaji wa mbele, na kamera itabaki wazi kidogo ikusanye mwanga wa nyuma. Iegemeze kamera kwenye nguzo.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Ngoma ya uwanjani, ya arusi au sherehe, omba ruhusa upige. Ya unyago na ya jando ina ndani yake mambo ya waliomo tu, na watoto ambao hawawezi kukukatalia. Huko nyakanga au ngariba akiwa hajakuita na kamera, usiitoe.

Tandahimba: Kila picha inaandikwa 01/01/2008 pembeni kwa rangi ya chungwa. Naifutaje?

Kwenye zilizokwisha kupigwa haitoki bila kukata ukingo wa picha. Kwa zijazo, zima uandishi wa tarehe kwenye menyu, kisha rekebisha saa ya kamera, kwa sababu tarehe huhifadhiwa ndani ya faili hata isipoandikwa juu ya picha, na ndiyo itakayokusaidia kuzipanga kwenye kompyuta. Kama inasahau saa kila ukitoa betri, iache na betri iliyojaa kwa siku nzima. Kamera nyingi zina kibetri kidogo cha ndani kinachochajiwa na hiyo kubwa. Ikiendelea kusahau, kibetri hicho kimekufa. Utakuwa unaweka saa mwenyewe kila ukibadilisha betri, na kamera itaendelea kupiga kama kawaida.