Ukikabidhiwa kikundi cha sayansi ya anga za juu, anza na watu

Vijana kadhaa wameniuliza ikoje kazi ya kuongoza kikundi cha utafiti wa anga za juu kwenye maabara ya taifa. Nimeifanya Marekani kwa miaka mingi, na ushauri wangu mkubwa ni mmoja: linda ujuzi ulio vichwani mwa watu wako. Bajeti na ripoti zinafuata baadaye.

Vyombo vyetu vinaishi muda mrefu kuliko mikataba ya ajira. Tazama ChemCam, leza ya kupima kemia ya mawe iliyo kwenye mlingoti wa Curiosity, gari la utafiti la NASA, iliyoundwa na maabara ya Los Alamos pamoja na Wafaransa. Ilitua Mirihi Agosti 2012 kwa kazi ya takriban miaka miwili, na muda huo umepita zamani. Mwishoni mwa 2014 leza yake ndogo, ile ya kupimia umbali ili kupata fokasi, ilikufa. Hakuna fundi wa kwenda kuigusa. Waliokuwa huku duniani wakaandika programu mpya, na 2015 chombo kikaanza kutafuta fokasi kwa picha zake chenyewe. Ukarabati wa namna hiyo unawahitaji watu wanaokijua kifaa ndani nje.

Sasa, watu hao wanapoteaje? Mara nyingi ni pesa. Kwenye maabara ya taifa kila saa ya mtu inaandikwa kwenye mradi fulani. Mradi ukifika mwisho, saa zake hazina mlipaji, naye anaanza kutazama mlango. Hatari zaidi ni kile kipindi ambacho ujenzi umekwisha na chombo bado kiko safarini. Kwa hiyo usimwache mtu wako muhimu ategemee mradi mmoja, na andiko la mradi mpya liandikwe wakati wa zamani bado una fedha. Hii ndiyo sehemu nzito ya kazi, na haionekani kwenye makala yoyote ya kisayansi.

Siku za kuhakiki kifaa ndizo darasa lenyewe. Kabla hakijafungwa kwenye chombo cha angani, kinaelekezwa kwenye mawe ambayo kemia yake inajulikana, basalti au jasi, ndani ya chemba yenye kaboni dioksidi nyepesi kama hewa ya Mirihi. Leza inapiga, cheche nyeupe inaruka, mistari ya mwanga inayotambulisha kalsiamu na magnesi inasimama kwenye skrini. Mkalishe kijana hapo, mkongwe awe nyuma yake. Aandike daftarini joto la chumba, umbali, upande wa jiwe uliopigwa, hata kebo iliyobadilishwa mchana. Data ya ajabu ikija kutoka Mirihi miaka kumi baadaye, ndilo daftari litakalofunguliwa.

Tunza pia data ambayo hakuna aliyeiagiza. Setilaiti za Vela zilianza kurushwa 1963 kuchunguza kama kuna nchi inayovunja mkataba wa kuzuia majaribio ya nyuklia. Ray Klebesadel na Roy Olson wa Los Alamos, wakipitia rekodi za nyuma mwaka 1969, walikuta mmweko wa miale ya gama wa Julai 2, 1967 usiofanana na bomu. Pamoja na Ian Strong walichapisha matokeo 1973: mimweko hiyo haikutoka duniani wala kwenye Jua. Tawi zima la astronomia lilizaliwa hapo, kutoka rekodi ambazo wangeweza kuzifuta. Ukiambiwa punguza gharama za kuhifadhi data, bishana.

La mwisho ni dogo. Makala hukaguliwa kiusalama kabla ya kutoka nje ya maabara, kwa hiyo waeleze wageni utaratibu huo wiki ya kwanza. Wewe nawe isome rasimu siku uliyoletewa. Mtafiti mchanga akikosa tarehe ya kongamano kwa kuwa kazi yake imelala mezani kwako, atasubiri mwaka mzima.